Kurudi kwa tanga kwenye bandari ya kisiwa mnayoipenda: mwongozo kamili wa watu wawili

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hutajwa sana anapozungumziwa mtu anayerudi alikotoka. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Watu wa bahari lakini wanajua ngama ni nini: ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, maji yote yanakochuruzikia. Anayerudi ngamani hurudi akiwa na upo, kifaa cha kuchotea maji, mkononi, kwa sababu kuna maji ya kufua.

Nimeanza hivyo kwa sababu kosa langu kubwa la nanga sikulifanya katika bandari ngeni. Nililifanya kwenye ghuba ya kisiwa ambayo mimi na mke wangu tulikuwa tumeiwaza kwa miaka kumi na moja. Bandari ngeni huingiwa kwa woga: unapima kina, unasoma ramani mara tatu, unakwenda polepole. Bandari unayoipenda huiingia ukiwa unatabasamu. Mwongozo huu ni wa wawili wanaotaka kurudi na tabasamu lao, na bado chombo kiamke salama asubuhi.

Hatua ya 1: Hojini kumbukumbu zenu, kila mmoja peke yake

Miezi kadhaa kabla ya safari, kila mmoja achukue karatasi yake aandike anachokumbuka kuhusu bandari ile, bila kuchungulia ya mwenzake. Mlitia nanga wapi? Chini palikuwa mchanga, tope au mwamba? Upepo ulitoka upande gani? Maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Ilikuwa mwezi gani wa mwaka, na mwezi wa angani ulikuwaje?

Mkilinganisha karatasi mtashangaa. Aliyeshika usukani hukumbuka upepo na mlango. Aliyekuwa omo na nanga hukumbuka chini. Na wote wawili hukumbuka bandari ya siku moja tu: maji ya saa ile, upepo wa jioni ile. Kama mna daftari la safari ya zamani, ndilo lenye kauli ya mwisho. Kumbukumbu ni shahidi mzuri, ila msiikabidhi usukani.

Karatasi hizo ziwe na swali moja zaidi: unarudi kutafuta nini? Mmoja anaweza kuwa anataka utulivu wa siku nne bila kuhama, na mwingine anataka kupanda tena kile kilima na kuzunguka kisiwa chote. Ni afadhali mjue hilo mezani nyumbani kuliko kuligundua baharini mkiwa mmechoka na mmelowa.

Hatua ya 2: Ramani mpya, na alama za zamani zifutwe

Wengi hurudi na alama za GPS walizohifadhi safari iliyopita na kuzifuata kama reli. Kuna mambo matatu ya kujua hapa.

La kwanza ni umri wa alama zenyewe. Hadi tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100 hivi. Alama yoyote ya kabla ya siku hiyo haifai kuingilia kwenye mlango mwembamba.

La pili ni ramani. Vipokezi vya GPS kwa kawaida hutumia mfumo wa WGS 84, msingi mmoja wa kupimia mahali duniani kote, ilhali ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa vipimo vya msingi vya kieneo. Tofauti yake inaweza kuwa mita mia na zaidi, kiasi cha kukuonyesha uko katikati ya mlango kumbe umeukalia mwamba. Tafuteni maandishi madogo pembeni mwa ramani yanayotaja mfumo uliotumika na mwaka wa upimaji. Visiwa vingi vidogo bado vinategemea vipimo vilivyochukuliwa kwa bildi, risasi iliyofungwa kwenye kamba, kabla vipima kina vya sauti havijaenea. Baina ya nukta mbili zilizopimwa hivyo, mwamba unaweza kukaa bila yeyote kuuona. Kukuza picha kwenye skrini hakuongezi vipimo. Kunaongeza ukubwa wa ujinga uleule.

La tatu: bahari haikai. Mafungu ya mchanga huhama, hasa mdomoni mwa vijito na baada ya dhoruba kubwa. Gati hurefushwa, maboya huhamishwa, na pale mlipotia nanga bure huenda sasa ni eneo lililohifadhiwa.

Kama mnarudi baada ya kuabiri upande mwingine wa dunia, jikumbusheni pia rangi za maboya. Katika Eneo A la mfumo wa kimataifa wa maboya, mkiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu linakuwa kushoto. Katika Eneo B, yaani mabara ya Amerika, Japani, Korea Kusini na Ufilipino, jekundu linakuwa kulia. Baharia aliyezoea upande mmoja kwa miaka anaweza, kwa uchovu tu, kupita upande usio wake akiwa na hakika kabisa.

Hatua ya 3: Chagueni siku kwa maji na upepo, si kwa kalenda

Wapenzi hupenda kufika kwa tarehe: siku ile ile waliyofika mara ya kwanza, au kumbukumbu ya ndoa. Sifa moja ya tarehe ni kwamba haijali hali ya hewa. Jipeni wiki, si siku, na shampeni ifunguliwe siku yoyote ile mtakayokuwa mmefunga salama.

Fungueni jedwali la maji. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo mlangoni huwa na nguvu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hufuatia robo za mwezi. Kwa mlango mwembamba nachagua maji mafu. Kama ni lazima kupita juu ya sehemu yenye kina kidogo, nenda maji yakiwa yanajaa, ili mkigusa mchanga maji yenyewe yawanyanyue.

Kukadiria kina kati ya kupwa na kujaa, mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili. Gawa tofauti ya maji kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza inakupa sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja inakupa sentimita 75. Kanuni hii inafaa pale maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mpangilio wa kawaida. Palipo na mpangilio mwingine, fuateni jedwali tupu.

Kwa upepo, wawili wenye mashua ya kawaida watafurahi katika nguvu ya 3 au ya 4 ya kipimo cha Beaufort. Ya 4 ni maili za baharini 11 hadi 16 kwa saa. Ikifika ya 6, yaani 22 hadi 27, kila kazi inakuwa ya mtu na nusu, na ninyi ni wawili tu. Kumbukeni pia kwamba msukumo wa upepo hukua kwa mraba: upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga na kwenye nanga inakuwa mara nne.

Kisiwa nacho kina hila zake. Upepo hubanwa na kuongeza kasi kwenye rasi, na nyuma ya milima mirefu hutulia kabisa kisha ukaanguka ghafla kwa vishindo kutoka bondeni. Utabiri wa eneo zima hauoni mambo haya. Punguzeni tanga kabla ya rasi, si baada ya kuipita.

Hatimaye chagueni bandari ya pili. Iandikeni, ichoreeni njia, jueni mtaifikia saa ngapi. Bandari mnayoipenda itakuwa ngumu sana kuiacha ikishaonekana, kwa hiyo uamuzi wa kuiacha ufanywe mapema: "Upepo ukitoka upande ule mlango unakotazama, hatuingii." Tukikubaliana hivyo nyumbani, baharini hapana mjadala.

Hatua ya 4: Hesabuni mabaharia wenu upya

Watu wawili chomboni ni mtu mmoja na nusu. Mmoja akilala, mwingine yuko peke yake. Mmoja akianguka majini, aliyebaki ni nahodha, baharia na mwokoaji kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nashikilia jambo hili kuliko mengine yote: yule asiyezoea usukani lazima aweze, bila kuelekezwa, kutua matanga, kuwasha injini, kukirudisha chombo na kuita msaada kwenye redio ya VHF mkondo wa 16. Fanyeni zoezi la kumrudia aliyeanguka kwa dafrao (boya la kukinga ubavu wa chombo) lililofungiwa ndoo, siku ya upepo wa wastani. Mkishajua kulirudia, jaribuni jambo ambalo wengi hulisahau: mtu aliyelowa anapandaje? Uzito wake utamshinda mwenzake. Ngazi ya tezi, au henza, kamba ya kupandishia tanga, iliyofungwa kwenye mashine ya kukazia kamba, ndiyo itakayomnyanyua. Na usiku, au mtu akiwa peke yake sitahani, ajifunge mkanda chomboni. Kumtafuta aliyeanguka ni kazi ngumu kuliko kumzuia asianguke.

Kama imepita miaka, miili nayo imebadilika. Mgongo uliokuwa ukivuta mnyororo kwa mikono huenda sasa unahitaji mashine. Semeni wazi. Sisi tulibadilishana kazi: mke wangu anashika usukani wakati wa kutia nanga, mimi niko omo nabeba mizigo, na kelele zimepungua kwa kiasi kikubwa.

Vyombo vyenyewe nitavipita haraka: kagueni nanga na pingu zake, wekeni alama za rangi kwenye mnyororo kila mita 5 au 10, jaribuni injini na taa, bebeni maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu kwa siku pamoja na akiba.

Hatua ya 5: Njiani

Pigeni hesabu kwa mwendo wa kweli, si wa majigambo. Maili 45 kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni saa tisa. Mkitweka tanga saa kumi na mbili asubuhi, mtafika saa tisa alasiri, tena mkibahatika. Kama mlango wenu unaingiwa kuelekea magharibi, saa hiyo jua liko machoni na hamtaona kitu. Ondokeni mapema zaidi au lalieni bandari ya njiani. Mwenye kuchafukwa na bahari anywe dawa kabla ya kuondoka, maana baada ya kutapika imechelewa.

Hatua ya 6: Mlangoni

Maili moja kabla ya mlango, simameni. Tuliwahi kuacha hatua hii kwa sababu kilima kilionekana na mke wangu alishaanza kupiga picha. Tueni matanga au myapunguze, washeni injini, nanga iwe tayari kudondoshwa, madafrao na kamba ziwe mahali pake. Tazameni mlango kwa darubini dakika kumi nzima. Mawimbi yanapasuka wapi? Mashua nyingine zinapita wapi?

Penye matumbawe, rangi ya maji ni ramani bora kuliko iliyo kwenye skrini, mradi jua liwe juu na nyuma yenu. Buluu iliyoiva ni kina kirefu. Kijani cheupe ni mchanga wenye maji machache. Hudhurungi na manjano ni mwamba ulio karibu na uso: epukeni. Doa jeusi linaweza kuwa majani ya baharini au mwamba, na hata kivuli cha wingu, kivuli kitasogea. Mmoja asimame omo na miwani inayokata mng'ao, mwingine asitoe macho kwenye kipima kina. Ikiwa mnachokiona hakilingani na mnachokikumbuka, fuateni mnachokiona.

Hatua ya 7: Kutia nanga, pale pale au si pale pale

Hapa ndipo tulipokosea. Mara ya kwanza tulifika siku za maji mafu, bahari imejaa, kina mita 5, tukatoa mnyororo mita 25, tukalala kama watoto. Mara ya pili tulikuta nafasi ile ile wazi, mti ule ule ukutani mwa gati. Kipima kina kikasema mita 4. Tukacheka kwamba hata bahari imezeeka, tukatoa mita 20 na kushuka ufukweni. Hatukuangalia jedwali. Ilikuwa bamvua, na tulikuwa tumefika karibu na kupwa. Usiku wa manane maji yalikuwa yamepanda mita 2 na nusu, upepo ukaamka, na nanga ikaanza kukokota kuelekea mashua ya jirani.

Hesabu sahihi ni hii. Chukua kina cha sasa, ongeza kiasi ambacho maji bado yatapanda, ongeza urefu kutoka usoni mwa maji hadi omo. Kwetu ilikuwa 4 na 2.5 na 1.2, jumla mita 7.7. Zidisha kwa 5 kama amari, yaani kinachounganisha nanga na chombo, yote ni mnyororo, kwa 7 kama sehemu kubwa ni kamba. Tulihitaji mita 38 na ushei. Tulikuwa na nusu yake. Upepo mkali ukitarajiwa, toeni zaidi.

Kabla ya kudondosha, zungukeni polepole mahali mlipochagua. Angalieni kina pande zote, kwa sababu upepo ukigeuka chombo kitaufuata. Tazameni majirani: mwenye mnyororo na mwenye kamba hawazunguki sawa. Tafuteni mchanga au tope. Majani ya baharini yaacheni; nanga hushika vibaya humo, na yakichimbuliwa huchukua miaka mingi kurudi. Palipowekwa boya la kufungia, litumieni, lakini mmoja apige mbizi aangalie kilicho chini yake.

Kisha elekezeni omo kwenye upepo, simameni kabisa, na mshushe nanga hadi iguse chini. Chombo kianze kurudi nyuma chenyewe, mnyororo ukilazwa taratibu badala ya kumwagwa rundo moja. Urefu ukitosha, funga, acha ujikaze, kisha injini irudi nyuma, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu kwa nusu dakika. Angalieni vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja ubavuni mwenu, kama nguzo na pembe ya paa. Mstari ukibaki vile vile, nanga imeshika. Vikiachana, inakokota, ing'oeni mwanze upya bila kubishana. Maji yakiwa maangavu, ogeleeni mkaione kwa macho.

Msipige kelele. Injini na upepo vinameza maneno, na kinachobaki ni sauti ya hasira hata kama hakuna aliyekasirika. Ishara tano za mkono zinatosha: mbele, nyuma, kushoto, kulia, simama. Ya sita ni ya kunyoosha chini, yaani nanga imegusa chini.

Kama mnatia gati, fungeni madafrao mapema pande zote mbili, na kamba ya kwanza iwe ile ya katikati ya chombo upande unaotoka upepo. Hiyo moja hukishikilia chombo hadi nyingine zifungwe. Hakuna anayeruka, tunashuka.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza

Mchana tundikeni tufe jeusi omo, usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote. Ndivyo kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano zinavyotaka kwa chombo kilichotia nanga. Wekeni king'ora cha GPS, mkihesabu mzunguko kutoka ilipo nanga, si kutoka ulipo usukani.

Msishuke wote wawili saa ya kwanza. Kaeni chomboni hadi maji yabadilike au upepo wa jioni utulie, muone kinavyolala. Mnaweza kukuta kinakwenda mrama, yaani kinayumba ubavu kwa ubavu, ingawa hakuna upepo: mawimbi mapana ya bahari kuu hujipinda kuzunguka kisiwa na kuingia hata ghuba iliyofichika. Nanga ndogo ya tezi itakigeuza kiyapokee kwa omo, kama nafasi inaruhusu.

Hatua ya 9: Ufukweni

Hapa sina mengi. Siku ya kwanza nendeni upande wa kisiwa ambao hamkuufika mara ya kwanza. Mahali penu pa zamani pasubiri kesho, mkiwa mmelala vizuri na mmeshakubali kwamba kuna jengo jipya mbele yake. Sisi tulianza na pa zamani, tukakuta pamefungwa, na tulilaumiana hadi jioni kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyepafunga.

Taka zote zirudi nanyi hadi penye pa kuzitupia. Plastiki ya aina yoyote hairuhusiwi kutupwa baharini popote duniani, na kisiwa kidogo mara nyingi hakina pa kupeleka hata taka zake.

Hatua ya 10: Kabla ya kung'oa nanga

Andikeni ukurasa mpya wa daftari mkiwa bado mnaiona bandari. Tarehe, hali ya mwezi, saa ya kujaa na ya kupwa, kina na urefu wa mnyororo, aina ya chini, upepo ulikotoka na ulikogeukia usiku, boya gani halipo tena, mwamba gani haumo ramanini. Kila mmoja aandike kwa mkono wake, maana mtarudi tena kubishana.

Wetu wa safari ile una mistari miwili kuhusu usiku wa pili. Wangu unasema: "Mchanga, mita 6, mnyororo mita 40, nanga imeshika." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Mara ya tatu. Mbili za kwanza alikataa kuhama."